UZI: Kwa nini jumuiya ya kuwafundisha dini watoto wa Wasikh ilizaliwa Gravesend mwaka 1969?

#1 MwanaPangani (mleta uzi)

Wakuu, salamu. Kuna jambo katika historia ya Wasikh waliohamia Uingereza ambalo kila ninapolisoma naona limepitiwa juu juu. Jumuiya iitwayo Sikh Missionary Society iliundwa mwaka 1969 katika mji wa Gravesend, Kent, ukingoni mwa mto Thames, na shughuli yake kubwa ilikuwa kuandika vijitabu vya dini ya Sikh kwa Kiingereza na kuvigawa bure, hasa kwa ajili ya watoto. Baadaye makao yake yakawa Southall, magharibi mwa London.

Wasikh, hata hivyo, walikuwa Uingereza zamani. Gurudwara, yaani nyumba ya ibada ya Wasikh, ya kwanza London ilianza mwaka 1911, na mwaka 1913 ikapata nyumba Sinclair Road, Shepherd's Bush, kwa msaada wa Maharaja Bhupinder Singh wa Patiala. Tangu 1911 hadi 1969 ni miaka 58. Kwa nini kazi hii ya vijitabu isianze 1930, au 1955?

Dai langu ni kwamba chachu ilitoka kwetu Afrika Mashariki. Machi 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku tatu sheria ya kuwazuia Waasia wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Kiingereza, na kabla mlango haujafungwa maelfu walikwishapanda ndege. Wasikh waliokuwa miongoni mwao walikuwa na uzoefu wa vizazi viwili vya kuendesha gurudwara, shule na kamati ugenini. Mwaka mmoja baadaye jumuiya ikazaliwa. Nipingeni kwa hoja.

#2 Mhandisi_wa_Reli

Mkuu, umeruka jibu lililo wazi. Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Sikh, alizaliwa mwaka 1469 Talwandi, mahali ambapo leo panaitwa Nankana Sahib, nchini Pakistan. Jumlisha miaka 500. Mwaka 1969 Wasikh wa dunia nzima walikuwa katika maadhimisho, na Novemba ya mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Guru Nanak Dev kikaanzishwa Amritsar. Jumuiya ya Gravesend ni tunda la mwaka huo kama mengine. Hapa Kenya haihitajiki.

#3 MwanaPangani

Ahsante, Mhandisi. Maadhimisho yanaeleza tarehe, lakini hayaelezi aina ya kazi. Mtu anayesherehekea miaka 500 anaweza kujenga ukumbi, kuchapisha picha au kufanya maandamano yenye kwaya, na hayo yote yalifanyika. Kuandika kijitabu kwa Kiingereza ambacho mtoto wa miaka 10 anaweza kukisoma peke yake ni dalili kwamba kuna aliyemtazama mtoto huyo akagundua kuwa hajui. Ninachotafuta ni kilichomfanya amtazame.

#4 Bi_Handsworth

Habari zenu. Mimi nilizaliwa Nakuru na nimekulia Birmingham, na nadhani nyote wawili mmesahau kilemba.

Mwaka 1967 dereva mmoja wa basi wa Wolverhampton, Tarsem Singh Sandhu, alirudi kazini baada ya ugonjwa akiwa na ndevu na kilemba, akarudishwa nyumbani kwa kuvunja kanuni za mavazi. Mgogoro huo ulidumu hadi Aprili 1969, baada ya maandamano makubwa na baada ya kiongozi mmoja wa Wasikh, Sohan Singh Jolly, kutangaza kwamba angejichoma moto kama marufuku isingeondolewa. Manchester walikuwa wamekwishapigana vita hivyohivyo kwa miaka saba, hadi 1966. Na huyo mbunge wa Wolverhampton, Enoch Powell, katika hotuba yake ya Aprili 1968 aliwataja Wasikh hao kama mfano wa watu wasiotaka kufanana na wengine.

Sasa fikirini hali ya nyumba zetu. Baba yangu alikuwa fundi wa bomba, mtu wa maneno machache. Jirani alimsimamisha mlangoni akamuuliza, kwa adabu kabisa, kwa nini kitambaa kile kina thamani kuliko mshahara. Baba alijua jibu kwa Kipunjabi na angeweza kulieleza vizuri kwa Kiswahili, lakini kwa Kiingereza alichokuwa nacho, Kiingereza cha spana na vipimo, alisema tu, "Ni dini yetu," akafunga mlango. Alikaa jikoni muda mrefu bila kuvua koti. Nilikuwa na miaka minane na ninaiona bado ile mikono yake juu ya meza.

Watu kama baba walihitaji maneno, na jumuiya ya Gravesend iliwapa. Kwangu mimi 1969 ni mwaka wa Wolverhampton.

#5 Mwl_Kondoa

Wadau, nafundisha historia na nina swali la kigeni kidogo. Jina lenyewe linanitatiza. Kwa masikio yetu mmisionari ni mtu anayekuja kukubadilisha dini. Nijuavyo mimi, Wasikh hawaendi nyumba kwa nyumba kutafuta waumini. Je, walikusudia kuwageuza Waingereza?

#6 Singh_wa_Kisumu

Mwalimu, swali lako si la kigeni hata kidogo. Limegusa mzizi wenyewe.

Mwaka 1873 wanafunzi wanne wa Kisikh katika shule ya misheni ya Amritsar walitangaza kwamba wanataka kubatizwa. Mshtuko wake ndio uliozaa Singh Sabha, harakati iliyoanzia Amritsar mwaka huo na kufika Lahore mwaka 1879. Wazee wale hawakujibu kwa kuwalaani wamisionari. Waliwatazama wanavyofanya kazi, wakaona wana shule, matbaa na vitabu vidogo vya bei ya chini, wakaamua nao wawe navyo. Ndiyo maana utakuta Chuo cha Khalsa cha Amritsar mwaka 1892, Chief Khalsa Diwan mwaka 1902, mkutano wa elimu wa Wasikh kuanzia 1908, na mwaka 1927 chuo cha kuwaandaa wahubiri palepale Amritsar, ambacho tayari jina lake lina hilo neno unalouliza. Kazi ya mmisionari wa Kisikh ni kumfuata Msikh aliyesahau. Neno "Sikh" lenyewe maana yake ni mwanafunzi.

Kwa hiyo ndugu MwanaPangani na ndugu Mhandisi, mimi nasema Gravesend haikuzaliwa 1969. Ilizaliwa 1873, mwaka 1969 ilibadilisha anwani tu.

#7 Mhandisi_wa_Reli

Ndugu wa Kisumu, kwa hesabu hiyo hata mimi nilizaliwa mwaka aliozaliwa babu. Harakati ya 1873 ilikuwapo pia mwaka 1911, 1930 na 1955. Mleta uzi ameuliza kwa nini 1969.

#8 MzeeKilindini

Vijana, mnabishana vizuri. Niongeze kwa upande wa huku, maana nimekaa na watu hawa tangu utotoni.

Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Vibarua na mafundi walioletwa kutoka India walikuwa karibu 32,000, na katika hao Wasikh walijulikana zaidi kwa useremala, uhunzi na uashi. Wengi walirudi kwao, wengine walikufa, na elfu kadhaa wakabaki. Waliobaki walijenga mahali pa ibada kando ya reli. Ile ya Makindu, ambayo kila msafiri wa barabara ya Mombasa anaijua, ni ya mwaka 1926.

Miaka ya sabini nilikuwa utingo wa lori. Gari letu liliharibika feni mbele kidogo ya Makindu, usiku, na dereva akanituma nikaombe maji. Nilivua viatu, nikapewa kitambaa cha rangi ya chungwa nikafunika kichwa, nikaketi chini na watu nisiowajua, mkulima wa Kikamba upande huu na mama mmoja wa Kihindi upande huu, tukapewa dengu na chapati. Nilipotaka kuinuka, mzee aliyekuwa akigawa alinirudisha chini kwa mkono wake begani na kuniongeza chapati ya tatu. Kando, chini ya taa, watoto watano walikuwa wakisoma kwa sauti moja, na mzee mwingine akiwafuatisha kwa kijiti. Niliwatazama nikakumbuka chuoni kwetu na bakora ya maalim.

Elimu yao ilikuwa hapo, pamoja na chakula. Haikuhitaji jumuiya wala kijitabu. Labda swali ni kwa nini Gravesend ilihitaji.

Na kwa vijana wasiojua: neno letu "Kalasinga" wengi wanalirudisha kwa mfanyabiashara Kala Singh, aliyefanya biashara bara tangu siku za reli.

#9 Binti_Ganjoni

Shikamoo Mzee Kilindini. Nimewahi kuambiwa kwamba "kala" ni "mweusi" kwa Kipunjabi na kwamba neno lilikuwa la dhihaka. Sijui nimfuate nani.

#10 MzeeKilindini

Marahaba, binti yangu. Maana ya "kala" ni hiyo, lakini mtu anaweza kuitwa hivyo kwao bila dhihaka yoyote, kama kwetu mtu anavyoitwa Mweusi. Hilo lina uzi wake, tusimharibie mwenzetu huu.

#11 Chai_ya_Kericho

Wakuu, kama mnataja mchango wa Kenya mkaiacha Kericho mtakuwa mmeikosea historia. Joginder Singh, bingwa wa Safari Rally wa 1965, 1974 na 1976, alizaliwa huku mwaka 1932. Lakini ninayetaka kumtaja ni Baba Puran Singh, fundi aliyeishi Kericho miaka mingi na ambaye mpaka leo Wasikh humwita Kerichowale. Alipohamia Uingereza katika miaka ya 1970 aliwakusanya watu Birmingham, na kutokana naye ikakua Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha ya Soho Road, Handsworth. "Nishkam" maana yake ni kutenda bila kutaka malipo. Jumuiya hiyo leo ina shule zake: ya chekechea ilianza 2009, ya msingi 2011 na ya sekondari 2012, na hapa Kericho wamejenga gurudwara kubwa pamoja na chuo. Hoja ya MwanaPangani ina nyama.

#12 Mhandisi_wa_Reli

Ina nyama, lakini ya mnyama mwingine. Umesema mwenyewe miaka ya 1970, na Baba Puran Singh hawezi kueleza jambo la 1969. Isitoshe, Wasikh wengi waliokuwa Uingereza kabla ya hapo walitoka Punjab moja kwa moja, hasa Doaba, wilaya za Jalandhar na Hoshiarpur. Wafanyakazi wa viwandani, watu wa zamu za usiku. Ukisema jumuiya ililetwa na mafundi wa Nairobi unawanyang'anya hao kilicho chao.

#13 MwanaPangani

Nakubali sehemu hiyo na naomba radhi kama nimewapunguzia haki watu wa Doaba. Nairekebisha hoja yangu: sisemi tena kwamba watu wa Afrika Mashariki ndio walioanzisha. Nasema walifika kwa wingi wakati uleule na kubadilisha hali waliyoikuta. Familia ilishuka Heathrow nzima, bibi, mama na watoto wa shule, na baba akiwa amevaa kilemba, wakati wanaume wengi waliotangulia walikuwa wamenyoa ili wapate kazi. Mwanamume wa Doaba aliyekaa miaka 10 bila kilemba alipowaona hawa, lazima aliulizwa swali na mwanawe mwenyewe.

#14 Bi_Handsworth

Hilo ni kweli, nimeliona. Ila usisahau kwamba Sandhu wa Wolverhampton alirudisha kilemba chake kabla ya ndege zenu za 1968 kutua.

#15 Mdau_wa_California

Salamu kutoka ng'ambo. Nimesoma yote na nadhani jibu linapatikana kwa kulinganisha.

Pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini Wasikh walikuwa na jumuiya mapema mno: Khalsa Diwan Society ya Vancouver ni ya mwaka 1906, na gurudwara yao ilifunguliwa 1908, ya Stockton, California, ni ya mwaka 1912. Stockton walijali elimu kwa dhati, kwani mwaka huohuo wa 1912 Jawala Singh, mkulima wa viazi, alitoa fedha za kuwasomesha vijana kutoka India katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwa ufadhili uliopewa jina la Guru Gobind Singh. Tazameni, lakini, walimsomesha nani. Walisomesha watu wazima. Hawakuandika kitabu cha mtoto kwa sababu hawakuwa na watoto: sheria za Kanada na Marekani ziliwazuia kuleta wake zao, na mwaka 1914 meli ya Komagata Maru, iliyobeba abiria wengi wa Kisikh, ilizuiwa bandarini Vancouver miezi miwili kisha ikarudishwa.

Uingereza mambo yalikwenda kinyume. Sheria ya 1962 ilikusudiwa kupunguza wageni, lakini kila mwanamume aliyekuwa na mpango wa kurudi Punjab aliona mlango unafungwa, akaamua kuita mke na watoto. Mtoto aliyezaliwa, au kuletwa akiwa mchanga, mwaka 1962 au 1963 alikuwa na miaka sita au saba mwaka 1969. Amekwishaanza shule, amekwishaanza kumjibu mama yake kwa Kiingereza. Mimi sihitaji miaka 500, wala kilemba, wala Kenya. Nahitaji umri wa mtoto.

#16 Mhandisi_wa_Reli

Hii ni hoja nzito. Bado naishikilia yangu, lakini hii ni nzito.

#17 Mwalimu_Leicester

Mdau wa California ameelekea pazuri, ila wote mnadhani msomaji wa vijitabu vile alikuwa mtoto wa Kisikh peke yake. Nilifundisha Leicester miaka mingi na nataka kumtetea msomaji mwingine, yaani mwalimu Mwingereza.

Sheria ya elimu ya 1944 ililazimisha somo la dini katika kila shule ya umma, na kwa vitendo dini hiyo ilikuwa Ukristo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya sitini mwalimu alikuwa na darasa ambamo nusu ya watoto si Wakristo, na hana karatasi moja inayoweza kumwambia patka, kile kitambaa cha kichwa cha mvulana wa Kisikh, ni nini au kwa nini mvulana yule hakati nywele. Mwaka 1975 Birmingham ilipitisha mtaala wa dini uliozipa dini nyingine nafasi, na nyenzo za kufundishia zilikuwa adimu. Katika kabati la shule niliyoanzia kulikuwa na sanduku la kadibodi lenye vijitabu vya namna hiyo, kingo zimekunjika na muhuri wa "si ruhusa kuondoa" umepigwa mara mbili. Waliokuwa wakiviazima walikuwa walimu. Watoto wa Kisikh niliowafundisha waliona aibu kuviazima mbele ya wenzao.

#18 Singh_wa_Kisumu

Mwalimu, hapo umegusa kidonda. Binafsi naheshimu sana kazi ya Gravesend, lakini kuandika kwa Kiingereza kulikuwa na gharama yake. Guru Granth Sahib, kitabu chetu kitakatifu, ina kurasa 1430, nayo imeandikwa kwa Gurmukhi, herufi za Kipunjabi. Mtoto anayesoma kuhusu Guru Nanak kwa Kiingereza anamjua, lakini hawezi kuufungua ukurasa wenyewe. Anasikia kirtan, nyimbo zetu za ibada, kama mgeni anavyosikia. Wazee wetu wa Kisumu walianza na herufi 35, painti, kisha ndipo habari za dini. Kule walianza na habari, na herufi zikaachiwa madarasa ya Jumapili. Kwa maoni yangu pengo hilo lilisubiri shule ya Guru Nanak ya Hayes, iliyofunguliwa mwaka 1993 na kuanza kugharimiwa na serikali mwaka 1999, shule ya kwanza ya Kisikh kupata hadhi hiyo Uingereza.

#19 Bi_Handsworth

Kaka yangu wa Kisumu, kwa heshima zote, mtoto anayeulizwa mlangoni leo hawezi kusubiri hadi amalize herufi 35. Kwanza mpe jibu, kisha mpe alfabeti.

#20 Binti_Ganjoni

Nimekuwa nikisoma kimya, lakini hili la herufi limenigusa.

Familia yetu ilitoka Mombasa kwenda Leicester nikiwa na miaka mitano. Mama yangu hakusoma zaidi ya darasa la sita. Jumamosi jioni alitukalisha zuliani na kaida, kitabu cha kwanza cha Gurmukhi, na kaka zangu wakubwa, ambao walikuwa wameanza kuzungumza kama watoto wa kule, walishindwa kabisa kutofautisha kakka na khakkha, yaani k kavu na k yenye pumzi. Kwa sikio la Kiingereza ni kitu kimoja. Mama alijaribu wiki mbili. Jumamosi ya tatu aliweka kitabu chini akasema kwa Kiswahili: "Hii ya kwanza ni kaa la moto. Hii ya pili ni kaa wa pwani. Haya semeni." Na wakasema, sawasawa, mara ya kwanza. Kisha akawapa pappa na phappha: paa la nyumba, na paa wa porini.

Anayejua Kiswahili cha Mombasa ataelewa. Sisi hatuyatamki maneno hayo namna moja. Kaa wa baharini na paa mnyama wana pumzi.

Vijitabu vya Kiingereza tulikuwa navyo pia, tulipewa gurudwara, na nilivipenda kwa sababu ya picha.

#21 MzeeKilindini

Binti, umenipa raha kubwa. Kweli kabisa, na bara hawaisikii tofauti hiyo. Mimi sikujua kwamba Kipunjabi kinayo.

#22 MwanaPangani

Wakuu, mnaona? Uzoefu wa Afrika Mashariki ndani ya chumba cha Leicester. Ndicho nilichokuwa nikikitafuta tangu chapisho la kwanza.

#23 Mhandisi_wa_Reli

Ni kisa kizuri kuliko vyote katika uzi huu na ninamshukuru dada. Lakini kinathibitisha mama, hakithibitishi jumuiya. Tena soma vizuri: vijitabu viliwafikia kupitia gurudwara, vikiwa tayari vimechapishwa. Dada Ganjoni, hicho kitabu cha kaida kilichapishwa wapi? Kama ni Nairobi, nitampa MwanaPangani nusu ya hoja. Kama ni Amritsar, ndugu wa Kisumu ndiye mwenye haki.

#24 Binti_Ganjoni

Nimekitoa sandukuni sasa hivi. Ukurasa wa mbele, wenye jina la mchapishaji, haupo. Nadhani mmoja wetu aliuchana. Kilichobaki kinaanza na herufi ya kwanza, ura, na pembeni ya kakka mama amechora kwa penseli kaa la moto lenye moshi, na pembeni ya khakkha kaa mwenye miguu minane, koleo zake zimeinuliwa.